Ulimi Ndani ya Shashi

Jino ndilo lililonileta. Gego la chini, kushoto,
siku tatu nimenadi dagaa Mwaloni kwa shavu moja.
Nilitaka ling'olewe, nilipe,
niwahi mzigo wa Ukara kabla jua halijakomaa.

Daktari akasema: bado. Kwanza nitazame kote.

Daktari Nyanzobe, umri wa mwanangu wa pili,
taa kwenye paji la uso.
Nikawaza karabai za wavua dagaa usiku wa giza:
haziwashwi bure.

"Toa ulimi."
Jamani. Miaka ishirini na sita ulimi huu
umetolewa kwa bei tu:
sabini, sabini na mbili, sabini na tano nani anaongeza,
mama wa Goma unaongeza au unarudi na gunia tupu,
na hakuna aliyewahi kuushika.
Yeye akaushika. Kwa kipande cha shashi
akauvuta kulia, akauvuta kushoto,
taratibu, kama mtu anayetafuta tundu kwenye wavu.
Kidole kimoja chini ya ulimi, kingine nje, chini ya kidevu,
vikatembea vikisikilizana.

Mimi ndiye hufunua matamvua ya sangara mbele ya watu
nikiapa: tazameni wekundu huo!
Huyu alfajiri alikuwa bado ana habari za ziwani!
Leo nimefunuliwa mimi,
na sina wa kuninadi.

Akafika mdomo wa chini, kwa ndani,
pale ninapolaza ugoro.
Akanyamaza.
Ukimya ule una uzito; hata mzani wetu wa Mwaloni,
tunaojua wenyewe unavyodanganya,
usingeupunguza hata ratili.

"Unavuta?"
Niliacha mwaka ule ziwa lilipopanda.
"Pombe?"
Kidogo. Akaandika. Nikasema: si kidogo sana. Akafuta.
"Ugoro?"
Dalali akakosa neno.

Akanipa kioo. Waa jeupe,
si kubwa, kama jicho la dagaa,
linanitazama.
"Haliumi," nikasema, kama anayejitetea.
"Ndiyo maana hukulijua. Jino hupiga kelele.
Hili lina subira."

Nikambana aseme ni nini. Nikampandishia kama kawaida yangu:
ni fangasi? ni uzee? ni lile gonjwa?
Hakuongeza, hakupunguza.
"Sijui, na wewe hujui. Acha ugoro, rudi baada ya wiki mbili.
Likiwa bado lipo, nitakata kinyama kama ukucha wa mtoto,
kiende Bugando wakakisome."

Wiki mbili. Kwa watu wa ziwa hilo ni giza zima la kuvulia.

Na jino? Ah, jino.
Aling'oa. Nilisikia kama msumari
unaong'olewa kwenye mlango wa jirani.

Kitangiri, juu kwenye mawe, Minza aliuliza, limetoka?
Limetoka.
Usiku akauliza tena: mbona unatafuna na huli kitu?
Nikawasha taa ya simu, nikampa, nikafungua kinywa.
Mwanamke huyu tangu nimuoe
ananiomba niufunge mdomo huu, majirani wamelala;
sasa amepiga magoti kitandani, amekaza macho,
anasema panua, panua zaidi baba Ngolo, sioni.

Kopo la ugoro lipo juu ya kabati.
Mimi silitazami. Mkono ndio unaolijua njia.

Leo ni siku ya tisa.
Asubuhi nimenadi mzigo wa Ukara, sauti imo,
gunia la mwisho limeenda themanini na moja.
Ila kati ya themanini na themanini na moja
nilinyamaza kidogo,
na wanunuzi, wanaonijua, wakadhani ni ujanja wa bei.

Ulimi ulikuwa umekwenda kuligusa.